Namna ya kupima kama uvumbuzi wako ulishatanguliwa: mwongozo kwa mafundi wa Goma na wengine wote

Hii naiandikia mafundi wetu wa hapa Goma, wale wa chukudu (kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo), wa mbabula (majiko), wa garaji, pamoja na wanafunzi wa teknike wanaotengeneza kitu kisha wiki inayofuata wanaanza kutangaza mtaani eti "hii nitaichukulia breve". Breve, kwa Kiingereza patent, ni karatasi ya serikali inayokupa haki ya kuwazuia wengine wasitengeneze wala kuuza uvumbuzi wako kwa muda. Sawa, ichukulie. Lakini breve haitolewi ju kitu ni kizuri, wala ju ulikesha ukikitafuta, wala ju wewe njo wa kwanza Ndosho ao Majengo kukifanya. Swali la kwanza watakalouliza ni kama kitu kiko kipya, na kuna namna ya kulijibu bila kubahatisha, unaweza kuifanya mwenyewe na kalamu, daftari na megabaiti kidogo kabla hujamlipa avoka (wakili) hata dola moja.

Kongo iko na sheria yake, namba 82-001 ya tarehe 7 Januari 1982, na tangu 1997 nchi iko ndani ya Shirika la Biashara Duniani, kwa hiyo ule mkataba wao wa mali ya akili, kifungu cha 27, unatuhusu na sisi: uvumbuzi uwe mpya, uwe na hatua ya ubunifu (yaani usiwe kitu ambacho fundi wa kawaida angekifikiria tu), na uweze kutumika viwandani. Mambo matatu. Mimi hapa naongelea la kwanza tu, upya, ju njo linaangusha watu wengi na njo watu wanalielewa vibaya. Kesi nitakazotaja ni za Marekani na Ulaya, si kwamba nawapenda sana, ni vile kule mahakama zimegombania hili swali zaidi ya miaka mia moja na majibu yameandikwa.

Tuchukue mfano mmoja tutembee nao. Chukudu inashuka kutoka Kibumba imejaa magunia ya makala (mkaa), na freni yake wote tunaijua: kipande cha mpira wa tairi kimefungwa nyuma, kinaning'inia karibu na gurudumu la nyuma, unakikanyaga na mguu, kinasugua gurudumu, chukudu inapunguza mwendo, ao haipunguzi, inategemea mzigo na Mungu. Sasa tuseme fundi mmoja ameongeza resori (springi) ya kuinua ule mpira mguu ukitoka, na komeo la chuma la kuushikilia chini wakati chukudu imesimama kwenye mteremko isije ikakimbia peke yake na mzigo wa mama wa watu. Kazi nzuri. Je, kimetanguliwa?

Hatua ya kwanza: andika fraze yako, uikate vipande

Watu wanafikiri jaji ataleta chukudu yako na chukudu ya zamani, aziweke pamoja nje ya mahakama, aziangalie kama zinafanana. Hapana kabisa. Kinachopimwa ni fraze (sentensi) uliyoandika mu dosye, yaani karatasi za kuomba breve, ile maavoka wanaita revandikasio, yaani dai. Chuma chako na mbao zako zinaweza kuwa hazijawahi kuonekana popote lakini fraze yako ikawa ya zamani, na hapo umekwisha. Ukishika hili moja tu, mengine yote ya huu mwongozo yatakuja yenyewe.

Kwa hiyo andika. Fundi wetu anaweza kuandika hivi: "Chukudu ya mbao yenye planshi ndefu ya mzigo ambapo dereva anapiga goti, magurudumu mawili, la mbele likigeuzwa na gidoni (usukani), freni ya kipande cha mpira kinachokandamiza gurudumu la nyuma kikikanyagwa na mguu, resori inayoinua kile kipande mguu ukitoka, na komeo linalokishikilia chini chukudu ikiegeshwa."

Kisha kata. A, planshi ya mzigo na goti. B, magurudumu mawili na gidoni. C, freni ya mpira ya mguu. D, resori. E, komeo. Vipande vitano, na usisahau jinsi vinavyoshikana, resori iko kwenye freni, haiko kwenye gidoni, komeo linashika ule ule mpira. Andika na hiyo pembeni.

Andika pia fraze ya pili, ile ya tamaa, ju kila fundi iko nayo kichwani: "Chukudu yenye freni ya mguu inayojirudisha yenyewe." Fupi, pana, inakamata kila mtu sokoni. Iweke pembeni tutairudia, utaona mwenyewe.

Hatua ya pili: tarehe

Kila kitu kinapimwa kwa siku moja, siku dosye yako inaingia ofisini. Kilichofikia watu kabla ya siku ile kinahesabiwa kuwa cha zamani, kilichokuja nyuma hakina nguvu juu yako. Kongo iko mu Mkataba wa Paris tangu 1975, kwa hiyo ukiweka dosye Kinshasa leo uko na miezi 12 ya kuiweka mu nchi zingine za ule mkataba, na kule watakuhesabia siku ya Kinshasa. Njo maana tarehe ya kwanza ni mali, usiichezee.

Kuna mtego mmoja hapa. Dosye za breve kwa kawaida zinafichwa miezi 18 kabla ya kuchapishwa. Mtu anaweza kuwa ameweka yake mbele yako, wewe ukatafuta kila pahali usiione, kisha ikatoka baadaye. Ulaya ile dosye iliyokuwa imefichwa inahesabiwa kwenye swali la upya hata kama wewe usingeweza kuijua. Hakuna dawa ya hii, ni kuweka dosye mapema tu.

Hatua ya tatu: kusanya vya zamani, na usijidanganye juu ya "hakuna aliyekiona"

Hapa njo kazi kubwa iko. Sheria ya Ulaya inasema cha zamani ni kila kitu kilichofikia watu kwa maandishi, kwa mdomo, kwa kutumika, ao kwa njia nyingine yoyote, kabla ya tarehe yako. Soma tena: kwa mdomo. Kwa kutumika. Haikusema kitabu peke yake. Na haikusema watu wengi waliona, inatosha waliweza kuona.

Kuna kesi ya Marekani ya 1881, Egbert na Lippmann, ambayo kila mwanafunzi wa sheria ya breve anaijua ju inachekesha. Mwanaume mmoja alitengeneza vyuma vya kukaza nguo ya ndani ya kiuno, akampa mchumba wake mwaka 1855, mwanamke akavivaa miaka na miaka chini ya nguo. Breve aliiomba 1866. Mahakama Kuu ikasema vile vyuma vilishatumika hadharani. Mwanamke mmoja, chini ya nguo, hakuna mtu anayeona! Lakini alipewa bila sharti la siri, alikuwa huru kuonyesha ao kusema, basi ikatosha.

Kesi nyingine ya Uingereza, 1985, juu ya ule ubao wenye tanga watu wanapanda kwenye maji. Kampuni ilikuwa na breve. Ikaja kuonekana kwamba mwaka 1958 mtoto wa miaka 12 alijitengenezea kitu cha namna hiyo akacheza nacho baharini Hayling Island, mbele ya kila mtu aliyekuwa ufukweni. Mchezo wa mtoto ule ukawekwa mezani kama kitu cha zamani na breve ikaanguka.

Ya tatu ni ya nyinyi wanafunzi. Mwaka 1986, mu kesi ya Hall, mahakama ya Marekani ilisema kitabu kimoja cha utafiti wa chuo kilichokaa kwenye maktaba ya chuo kikuu cha Freiburg, Ujerumani, kopi moja tu, lakini imeandikwa mu katalogi, kinahesabika kuwa kimechapishwa kwa dunia. Sasa fikiria TFC na memware zote, zile kazi za kumaliza masomo, zilizolala mu maktaba za vyuo vyetu, ISTA, ISP, UNILU, zile tunasema hakuna anayezisoma. Kama ziko mu orodha na mtu anaweza kuomba kuzisoma, ziko hadharani. Na kama TFC yako mwenyewe njo imeeleza uvumbuzi wako na imeshawekwa pale, umejitangulia wewe mwenyewe.

Matumizi ya kwetu je, yanahesabika? Ulaya ndiyo, popote duniani. Marekani zamani walikuwa wabishi: kutumika nje ya nchi yao hakukuhesabiwa, maandishi tu njo yalihesabiwa. Walibadilisha, kwa dosye za kuanzia tarehe 16 Machi 2013 mpaka wa nchi uliondoka, kwa hiyo chukudu inayopita Birere leo asubuhi ni ushahidi kamili hata Washington. Kile kipindi cha zamani kilileta ile kesi ya manjano: 1995 walitoa breve Marekani ya kutibu vidonda na manjano, kitu ambacho bibi yeyote wa India anakijua. Wahindi hawakuweza kusema tu "sisi tunatumia tangu zamani", ilibidi walete karatasi, ikiwemo makala ya jarida la madaktari wa India ya 1953, na breve ikafutwa 1997. Kwa hiyo hata leo ushahidi wa maandishi ni rahisi kuliko wa maneno. Ukisema "chukudu ya hivi ilikuwepo", watakuuliza ilikuwa wapi, lini, ilikuwa na nini hasa, na nani aliweza kuiona. Picha yenye tarehe, video, risiti, mashahidi. Mambo ya "kila mtu anajua" hayapiti.

Kutafuta kwenyewe kwa intaneti ni bure. Ingia Espacenet ya ofisi ya breve ya Ulaya, Patentscope ya WIPO (shirika la dunia la mali ya akili), na Google Patents. Usitafute "chukudu" tu, ju aliyeandika mbele yako hakuiita hivyo, andika kazi ya kile kitu: kigari cha kusukuma na mguu, freni ya kukandamiza gurudumu, komeo la freni ya kuegesha, na ufanye kwa Kifaransa, kwa Kiingereza, hata kwa Kichina ukitumia mashini ya kutafsiri. Na kuna alama za makundi: kila breve imewekewa alama ya aina yake, kwa mfano majiko ya kuni na makala yako kwenye F24B, kwa hiyo fundi wa mbabula akiipata ile alama anaweza kufuata vyote vilivyomo hata kama maneno ni tofauti. Akifika pale atakutana na vitu vingi, pamoja na majiko yenye feni inayozungushwa na umeme unaotoka kwenye joto la moto wenyewe, kwa hiyo kama njo ulikuwa unapanga hiyo, kaa kwanza.

Kisha toka nje. Uliza wazee wa chukudu. Angalia Facebook, angalia YouTube. Watu wa breve mara nyingi hawatafuti sokoni Virunga, lakini adui yako siku ya mahakama atatafuta.

Hatua ya nne: pima kimoja kimoja, usichanganye

Chora tablo. Juu weka A, B, C, D, E. Kando weka kila kitu cha zamani ulichopata, kimoja kwa mstari wake. Kanuni ni hii: ili kitu cha zamani kikutangulie, kitu KIMOJA kiwe na vipande VYOTE vya fraze yako, vimeshikana vile umeandika. Kikikosa hata kimoja, hakijakutangulia. Kinaweza kukuumiza pengine, lakini si hapa.

Chukudu ya kawaida ya barabarani: A iko, B iko, C iko. D haiko, E haiko. Haijatangulia.

Mashini ya Drais, yule Mjerumani wa Mannheim wa 1817, ya mbao, magurudumu mawili yamefuatana, la mbele linageuka, unasukuma na miguu chini, wengi wanasema njo babu wa baiskeli: B iko. A haiko, ju dereva anakalia kiti katikati, hakuna planshi ya kupiga goti na kubeba magunia. E haiko. Imetoka.

Baiskeli za miaka ya 1800 zenye freni ya kukandamiza tairi kwa juu, mara nyingi na resori ya kuirudisha: D unaweza kusema iko. Lakini freni inakandamiza gurudumu la mbele na inavutwa na mkono, kwa hiyo C haiko, A haiko. Imetoka.

Sasa hapa kila mtu anataka kufanya hesabu ya kujumlisha: chukudu ina A, B, C, baiskeli ina D, na komeo la E litakuwepo kwenye mkokoteni fulani, basi vyote viko! Hapana, hapa haijumlishwi. Kujumlisha ni swali la pili, la hatua ya ubunifu, linakuja baadaye na lina kanuni zake. Hata ndani ya karatasi moja usichanganye ovyo: 2008 mu kesi ya Net MoneyIN mahakama ya Marekani ilikataa mtu aliyechukua vipande nusu kwenye mfano mmoja na nusu kwenye mfano mwingine wa karatasi ile ile. Vyote vilikuwa mu karatasi moja ndiyo, lakini havikuwa mu kitu kimoja.

Waingereza walishasema mwaka 1972 mu kesi ya General Tire kwamba kibao cha njiani kinachoelekeza kwenye uvumbuzi hakitoshi hata kiwe wazi namna gani, yule wa mbele lazima awe amesimika bendera yake pale pale penyewe. Njo ile. Karibu si pale pale.

Na kuna kipimo kingine cha kugeuza, mimi nakipenda ju kinakata mabishano haraka, kimetoka Mahakama Kuu ya Marekani 1889: kitu ambacho kingekuja nyuma ya breve yako ungesema kimekuiba, kile kile kikiwa kilikuja mbele yako kimekutangulia. Jiulize hivi: kama chukudu ya kawaida ingetengenezwa kesho, ningeishtaki kwa fraze hii? Kwa fraze ya vipande vitano, hapana, haina resori wala komeo. Basi haijakutangulia. Kwa fraze ya tamaa je?

Hatua ya tano: kilichofichama ndani

Turudi kwenye fraze ya tamaa, "freni ya mguu inayojirudisha yenyewe". Chuchumaa karibu na chukudu yoyote iliyosimama, kandamiza ule mpira kwa mkono, uachie. Unafanya nini? Mpira wa tairi ni mgumu, umekunjwa, ukiuachia unarudi juu wenyewe, pengine si sana, pengine kwa uvivu, lakini unarudi. Hakuna fundi aliyewahi kusema "nimeweka freni inayojirudisha", hakuna aliyeandika, pengine hakuna hata aliyefikiri. Haijalishi. Kama kile kitu cha zamani kinafanya hivyo kila mara kwa asili yake, kipande kile kinahesabiwa kuwa kilikuwepo. Chukudu ya kawaida ina gari lenyewe, ina freni ya mguu, ina kujirudisha. Vyote mu kitu kimoja. Fraze ya tamaa imekufa, na aliyeiua ni chukudu inayobeba makabichi.

Kesi inayojulikana kwa hili ni ya dawa, Schering na Geneva, Marekani 2003. Kampuni ilikuwa na breve ya zamani ya loratadine, dawa ya mafua ya mzio. Ukiimeza, mwili wako unaitengeneza kuwa kitu kingine. Kampuni ikaja kuchukua breve mpya ya kile kitu kingine. Breve ya zamani haikukitaja hata kwa neno moja. Mahakama ikasema kila aliyemeza dawa ya zamani alikuwa anakitengeneza mwilini, ajue asijue, kwa hiyo si kipya.

Lakini angalia neno: lazima kitokee kila mara, si "kinaweza kutokea". Kama mpira wa chukudu moja unarudi na wa nyingine unabaki umelala, adui wako inabidi athibitishe kwamba angalau ile moja anayoileta, yenye tarehe na mashahidi, ilikuwa inarudi kweli. "Pengine ilikuwa inarudi" haimsaidii.

Na sasa umeona kwa nini niliandika resori kwenye fraze ndefu na si "njia ya kujirudisha". Resori ni resori, mpira si resori kama dosye yako imeeleza vizuri tofauti yake. Neno moja.

Hatua ya sita: je, aliyesema mbele alionyesha njia?

Mtu kuandika "siku moja chukudu zitakuwa na freni ya kujifunga zenyewe mteremkoni" hakujatangulia kitu. Kitu cha zamani lazima kiwe kimeeleza vya kutosha ili fundi wa kawaida wa kazi ile, si bingwa, akisoma ao akiona, aweze kukitengeneza bila kuanza kuvumbua upya. Mahakama ya juu ya Uingereza mwaka 2005 mu kesi ya Synthon iligawanya vizuri: swali la kwanza, je kilifunuliwa? La pili, je kinaweza kufanywa? Yote mawili lazima yajibiwe ndiyo. Kwa vitu vya mbao na chuma la pili ni rahisi, ukiona picha safi ya komeo unalitengeneza jioni ile ile. Kwa dawa na kemia njo watu wanagombana miaka.

Hatua ya saba: namba na majina mapana (ndugu wa Lubumbashi, hii ni yenu)

Kidogo kinaua kikubwa, kikubwa hakiui kidogo moja kwa moja. Ukidai "chukudu ya mbao yoyote" na mtu alishafanya ya mkaratusi, umetanguliwa. Ukidai ya mkaratusi na mtu alishasema tu "mbao", bado uko na nafasi kwenye upya.

Kwa wale wa metali mfano ni Titanium Metals, 1985. Kampuni ilidai mchanganyiko wa titani wenye nikeli 0.6 hadi 0.9 kwa mia na molibdeni 0.2 hadi 0.4, ukisifiwa kwamba haushikwi na kutu kwenye maji ya chumvi moto. Kukawa na makala ya Kirusi ya zamani yenye grafu, na kwenye grafu nukta moja tu ya mchanganyiko wa 0.75 nikeli na 0.25 molibdeni. Warusi hawakusema lolote juu ya kutu. Mahakama ikasema nukta moja ndani ya eneo lako inatosha, eneo lote si jipya, na kugundua sifa nzuri ya kitu cha zamani hakukifanyi kile kitu kuwa kipya. Kwa hiyo ukichanganya shaba na kitu kingine mu foro (tanuru) lako, kabla ya kudai "kati ya kiasi hiki na hiki", tafuta kama kuna nukta yoyote ya mtu ndani. Ukiipata, banisha eneo.

Hatua ya nane: mdomo wako mwenyewe

Hii ingekuwa ya kwanza kama watu wangesikia. Ulaya ukionyesha kitu chako kabla ya kuweka dosye, umejiua, hakuna huruma, isipokuwa miezi 6 kama mtu alikuibia siri ao ulikionyesha kwenye maonyesho makubwa ya kimataifa yanayotambuliwa rasmi, na maonyesho ya mtaani hayamo. Marekani wanakupa mwaka mmoja kwa yale uliyoyatoa wewe mwenyewe. Usitegemee ule mwaka, ju ukitaka baadaye kuingia Ulaya utakuta mlango umefungwa.

Kwa hiyo hapana video ya TikTok, hapana status ya WhatsApp, hapana kumwuzia jirani "ajaribu kwanza". Ukilazimika kuonyesha, tuseme kwa mtu wa kusudire (kuchomelea) ao mtu wa kutoa makuta (pesa), mwandikishe karatasi ya siri kabla hajaona, tarehe na sahihi, hata kama ni shemeji yako, hasa kama ni shemeji yako. Mtu aliyefungwa na siri hahesabiwi kuwa ni "watu". Mtu mmoja asiyefungwa Ulaya anatosha.

Ukishapima, ufanye nini

Tablo ikionyesha mstari mmoja umejaa A mpaka E, usilie na usianze kubishana kwamba chako ni kizuri zaidi, uzuri hauko kwenye tablo. Ongeza kipande ambacho kiko kweli kwenye kazi yako na hakiko mu ule mstari, kwa mfano namna komeo linavyojifungua lenyewe ukivuta gidoni, kisha upime tena. Lakini kile kipande kiwe kimeelezwa mu dosye tangu siku ya kwanza, ju baadaye hawakuruhusu kuingiza kitu kipya. Njo maana eleza kila kitu mwanzoni, mpaka boloni.

Kama hakuna mstari uliojaa, umepita upya. Umepita upya tu. Resori ya baiskeli kwenye freni ya chukudu, kusema kweli, yeyote atasema fundi wa kawaida angeifikiria, kwa hiyo kwenye hatua ya ubunifu mzigo wote utabebwa na komeo na jinsi linavyoshikana na resori. Hapo njo umpelekee avoka tablo yako, na utakuwa umemwondolea kazi ya siku nyingi ambayo angekutoza.

Na usichanganye upya na ruhusa. Chukudu yako inaweza kuwa mpya na bado ikawa inatumia ndani yake kitu chenye breve ya mtu mwingine iliyo hai. Kwa upande wa pili, breve ina nguvu mu nchi ilipotolewa tu, na kwa kawaida inakwisha baada ya miaka 20 tangu dosye iwekwe. Zile karatasi zote ulizokutana nazo Espacenet ukitafuta, zilizokwisha muda ao ambazo hazikuwahi kuwekwa Kongo, unaweza kuzitengeneza hapa Goma na kuziuza hapa bila kuomba mtu, michoro imo, vipimo mara nyingi vimo. Kuzipeleka kuuza ng'ambo ya mpaka wa petite barrière, Gisenyi, hapo angalia kwanza kama mwenyewe aliweka dosye Rwanda.